UZI: Kubadili tairi la pikipiki nyumbani au kumpelekea fundi? Wenye pikipiki Arusha na Moshi tuelewane

Kijenge Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Pita kijiwe chochote cha pancha hapa mjini utaona kitu kilekile. Kijana ana bisibisi mbili kubwa na nyundo, anang'ang'ana na tairi jipya ambalo mwenyewe kalinunua kwa hela ya jasho. Baada ya nusu saa mteja anaondoka na abiria nyuma, hajui nati ya ekseli (kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu) imekazwa kiasi gani, hajui kama tyubu imebanwa, hajui hata mshale wa tairi unaelekea wapi. Abiria ndiyo kabisa, yeye kapanda tu. Hili linaniuma, kwa sababu tairi ndilo kitu pekee kinachogusa barabara.

Msimamo wangu ni huu: kwa pikipiki zetu za cc 100 hadi 150 zenye rimu ya spoku na tyubu, iwe Boxer, TVS, Haojue au SanLG, kila mwenye chombo ajue kutoa gurudumu, kubadili tairi na kulirudisha mwenyewe, nyumbani kwake. Sisemi hivi kwa ajili ya kubana hela. Kijiweni kwetu kazi hiyo ni elfu tatu mpaka elfu tano, na ukinunua vifaa utakaa muda mrefu kabla hela haijarudi. Nasema hivi kwa sababu gurudumu likishatoka, unapata nafasi ya kuona vitu ambavyo siku zote vimejificha: beringi, breki shuu, raba za habu (kitovu cha gurudumu), spoku zilizolegea, kutu ndani ya rimu. Fundi wa kijiweni analipwa kuingiza tairi, halipwi kukagua hivyo, na ana wateja wanne wanamsubiri.

Vifaa ni vichache. Liva mbili, tatu zikipatikana, yaani vile vyuma bapa vya kutolea tairi vyenye ncha ya mviringo. Bisibisi si liva, ncha yake inatoboa tyubu. Spana za ekseli, moja kila upande. Pampu ya mguu, kipimo cha upepo, kopo la maji ya sabuni, poda ya mtoto. Na tairi kuukuu la kulazia gurudumu chini ili sproketi (ile gia ya cheni) na habu visigusane na sakafu.

Tuchukue gurudumu la nyuma. Legeza nati ya ekseli pikipiki ikiwa bado imesimama kwa matairi yake, ndipo uweke stendi kubwa. Kabla ya kuvuta ekseli piga picha pande zote mbili kwa simu, kwa sababu bushi (vile vibomba vinavyovaa ekseli) za kushoto na kulia hazilingani urefu na ukizibadilisha gurudumu halikai katikati. Fungua fimbo ya breki na ule mkono unaozuia sahani ya breki isizunguke, sogeza gurudumu mbele, toa cheni, litoke.

Sasa tairi lenyewe. Toa upepo wote, na ufungue ile pini ya ndani ya vali, maana upepo kidogo ukibaki tyubu inajaa pale unapochomeka liva. Kanyaga tairi kuzunguka rimu mpaka ukingo wake ubanduke pande zote mbili.

Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, wakaishia kusema kazi hii inataka misuli. Ukiitazama rimu kwa ndani, katikati ina mfereji, sehemu iliyoshuka. Ukingo wa tairi una waya ndani yake, hauvutiki hata kidogo. Kwa hiyo upande mmoja hauwezi kupanda juu ya rimu mpaka upande wa pili uwe umezama mle mferejini. Piga magoti upande ulio mkabala na liva, sukuma ukingo wa tairi uzame, na utaona liva inanyanyua kwa nguvu ya mkono mmoja. Ukijikuta unalazimisha, acha kuongeza nguvu. Zunguka upande wa pili, ukingo umetoka mferejini.

Kutoa anzia karibu na vali. Kurudisha malizia kwenye vali. Sababu ni kwamba pale kwenye vali tyubu inaziba mfereji, ukingo hauwezi kuzama, basi sehemu hiyo iwe ya mwisho kupanda.

Tairi likishatoka usikimbilie kuingiza jipya. Kama lilipata pancha, pitisha kitambaa ndani yake lote. Ukitumia kidole kitupu, mwiba utakuonyesha ulipo. Wenzetu wa Kisongo na barabara ya Monduli wanajua, mwiba wa mgunga unakatikia ndani ya raba, kwa nje huoni kitu, unaweka tyubu mpya na kesho imetoboka palepale. Angalia mkanda wa raba unaofunika vichwa vya spoku, ukiwa umechanika weka mwingine. Gonga spoku mojamoja kwa spana: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya bubu. Ingiza kidole kwenye beringi uzungushe. Ikikwaruza, ndiyo siku ya kuibadili.

Kurudisha: mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozunguka ukienda mbele. Paka tyubu poda, itie upepo kidogo tu ipate umbo la duara, maana tyubu iliyolala bapa ndiyo inayobanwa na liva. Nati ya vali ishike nyuzi mbili tatu tu. Kabla ya kuinua sehemu ya mwisho sukuma vali kwa ndani mara moja, ikirudi vizuri ujue hakuna tyubu iliyokaliwa na ukingo. Jaza, shusha wote, jaza tena, tyubu ijinyooshe. Kisha tazama ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi: umbali wake na rimu uwe sawa kuzunguka kote. Kama pahala umezama, tairi halijakaa, litakurusha ukifika kilomita 60 kwa saa.

Karibuni. Hasa mnaopinga.

---

Dereva wa Pasua

Mkuu heshima yako, umeeleza kitaalamu. Ila umesahau sisi wa hesabu. Pikipiki si yangu, kila jioni bosi anataka hesabu yake, iwe mvua iwe jua. Saa kumi na mbili asubuhi nipo stendi, watu wa hospitali ya KCMC wanawahi zamu, wanafunzi wanawahi shule. Saa mbili nzima nikae uani nimepiga magoti na maji ya sabuni, hiyo hela nani ananirudishia? Kijiweni nusu saa nimetoka, elfu nne imeondoka, nimeirudisha kwa safari chache za Majengo.

Halafu wale vijana wa pancha ni ndugu zetu. Kila mtu akijifanyia nyumbani watakula nini?

---

Kijenge Juu

Dereva wa Pasua, hoja ya hesabu ni nzito na siipuuzi. Lakini tenganisha mambo mawili. Pancha inakukuta barabarani, pale fundi wa karibu ndiye mkombozi wako. Tairi kuisha kashata, yaani vile vinundu vya raba vinavyoshika barabara, halikushtukizi, unaliona likiisha kwa miezi. Hiyo kazi unaipangia jioni moja ambayo biashara imelala, na ukishazoea haifiki saa mbili.

Kuhusu ndugu zetu, kwa pancha za Moshi na Arusha hawawezi kukosa kazi. Ninachotaka ni mteja anayejua anachokitazama. Kama lazima uende kijiweni, nenda, ila usikae kwenye simu. Simama pale. Tazama mshale. Sukuma vali. Nati ya ekseli ikaze wewe mwenyewe, au ishike spana baada yake. Wewe ndiye utakayeteremka Kibosho na mama mjamzito nyuma.

---

Fundi wa Mbauda

Vijana, hamjambo. Mimi ni fundi, na sikuja kubishana na mwanzisha uzi kwa sababu mengi kasema kweli. Nataka niongeze ya upande wetu.

Kwanza, mnaona bisibisi na nyundo, ni kweli zipo, na mimi vijana wangu nimewakataza. Lakini mteja naye anakuja injini inaunguruma, hata kuizima hataki, anasema fanya fasta. Ukimwambia mkanda wa rimu umeoza anasema utarudi siku nyingine. Ukimwambia tyubu ina viraka vimefuatana anasema ziba tu. Tyubu kuukuu ikishatanuka ndani ya tairi kuukuu, ukiiingiza kwenye tairi jipya inajikunja, na pale ilipojikunja ndipo itakapokatika. Tairi jipya, tyubu mpya. Tyubu ni hela ndogo kuliko jeraha lolote.

Pili, mwanzisha uzi ametaja nati ya vali lakini hakusema kwa nini isikazwe. Nawaeleza. Tairi likipungua upepo linateleza kidogo kidogo juu ya rimu kila unapofunga breki, na tyubu inafuata. Nati ikiwa imekazwa mpaka chini, vali haina pa kwenda, inang'oka shinani, na upepo unatoka wote mara moja. Hiyo si pancha ya kutembea nayo mpaka kijiweni, hiyo inakuangusha hapohapo. Nati ikiwa legelege, vali inalala upande na wewe unaiona imelala. Ukiona vali imeinama, hiyo ni taarifa: ongeza upepo na ukae uipange upya.

Tatu, wanaopaka oili chafu au dizeli ili tairi liteleze waache leo. Mafuta ya namna hiyo yanaila raba, na hayakauki, kwa hiyo tairi linaendelea kuteleza kwenye rimu ukiwa barabarani. Maji ya sabuni yanakauka, raba inashika.

Nne, kununua. Tazama ubavuni, kwenye maandishi ya DOT kuna tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 3523, tairi limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Kuna matairi yamening'inia mbele ya duka yanapigwa jua mwaka hadi mwaka, yanang'aa kwa sababu yamepakwa dawa, lakini raba imeshakauka. Likunje kwa mikono utazame mizizi ya kashata. Ukiona nyufa ndogondogo, rudisha. Tazama pia namba ya mzigo: 47 ni kilo 175 kwa tairi moja, 50 ni kilo 190, 56 ni kilo 224. Mnaobeba ndizi na magunia ya mkaa, tairi la nyuma msiangalie bei tu.

Mji huu wa Arusha ulikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, kilichoanzishwa 1969, na uzalishaji ukasimama miaka ya 2000. Wakati huo ukiuliza habari ya tairi ulikuwa huchelewi kumpata mtu anayejua kwa sababu kazi yake ni hiyo. Ujuzi huo tusiuache upotee, ndiyo maana nimeandika kirefu.

Na bei: ukiniletea gurudumu mkononi, umelitoa mwenyewe, nakutoza pungufu na nakufanyia vizuri zaidi, kwa sababu rimu naizungusha chini nitakavyo na hakuna pikipiki ya kuegemea ukuta. Utalirudisha wewe kwenye pikipiki yako. Kwa wengi wenu naona hiyo ndiyo njia.

---

Kijenge Juu

Mzee wangu shikamoo. Hilo la gurudumu mkononi nalikubali kabisa, na nalichukua liwe sehemu ya uzi. Anayeogopa liva aanze hapo: atoe gurudumu, akague beringi na breki mwenyewe, alipeleke, alirudishe, akaze mwenyewe. Sehemu kubwa ya faida ninayoitafuta iko kwenye kulitoa na kulirudisha.

---

Mama wa Kibosho

Nawasalimu wote. Wanawake pia tuna pikipiki, mimi nina Boxer ya kwenda shambani na kushusha ndizi mpaka Mbuyuni. Nilidhani kazi hii ni ya wanaume wenye mikono mikubwa, nikawa namsubiri fundi apande huku juu na anakuja akipenda. Mdogo wangu ndiye alinionyesha habari ya ule mfereji wa rimu. Tangu hapo tunafanya wenyewe uani na kijana wangu, yeye anapiga magoti, mimi nashika liva. Kwa hiyo namuunga mkono mwanzisha uzi, nguvu si neno. Ila siku ya baridi anika kwanza tairi jipya juani, linalainika na kazi inakuwa nusu.

Swali langu ni masika. Kuanzia Machi njia zetu ni utelezi mtupu, na watu wanashauri nipunguze upepo tairi lishike udongo. Ni sahihi?

---

Fundi wa Mbauda

Mama, ukipunguza kidogo tairi linatanuka na linashika, hilo ni kweli. Lakini wewe unatoka kwenye tope unaingia lami na mikungu mgongoni. Tairi laini lenye mzigo linachemka, linateleza kwenye rimu, na likigonga jiwe linabana tyubu kati ya jiwe na rimu, unapata matundu mawili yanayotazamana. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo hukukanyaga mwiba, ulikuwa na upepo mdogo. Afadhali tairi la nyuma lenye kashata ndefu zilizoachana, upepo uwe ule ulioandikwa na watengenezaji. Pikipiki nyingi za aina hii mbele ni karibu psi 25 (psi ndiyo namba ya kwenye kipimo cha upepo), nyuma karibu 28 ukiwa peke yako na zaidi ya 30 ukiwa na mzigo. Soma kitabu chake au stika, msikadirie kwa kubonyeza kidole.

---

Mgeni wa Njiro

Nimefurahia uzi. Mimi nina pikipiki kubwa ya safari, rimu za kumwagwa (zisizo na spoku), tairi tubles, yaani lisilo na tyubu. Nimesoma maelekezo nikaona nifanye mwenyewe kwa liva zilezile. Mnanishauri?

---

Kijenge Juu

Hapana mkuu, kwako nashauri kinyume. Tubles ukingo wake ndio unaozuia upepo, kwa hiyo umebana rimu kwelikweli, kuukanyaga kwa mguu haubanduki. Ukifanikiwa kuubandua kwa nguvu unakwaruza rimu, na pale penye mkwaruzo upepo utavuja taratibu siku zote. Halafu kuukalisha tena kunataka upepo mwingi kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye kompresa. Pampu ya mguu haiwezi, upepo unatokea pembeni kabla tairi halijajaa. Tafuta duka lenye mashine ya kubadilia na ya kubalansi, maana kwa mwendo wa pikipiki hiyo gurudumu lisilo na balansi utalisikia mikononi.

Peleka gurudumu, si pikipiki. Na ukitembea Loliondo au Natron beba zile kamba za kuzibia tubles pamoja na kipampu cha betri. Pancha ya tubles ya katikati ya kashata inazibwa kwa nje bila kutoa gurudumu. Ikiwa ubavuni, usizibe, badili tairi.

Kwa wale wa Boxer na TVS zenye rimu za kumwagwa, msidhani mna tubles kwa kuangalia rimu. Soma ubavuni mwa tairi, na tazama kama vali imeshikwa na nati, mara nyingi ni dalili kwamba kuna tyubu ndani. Rimu ya kumwagwa yenye tyubu mnaweza kuifanya nyumbani, ila kateni vipande vya dumu la plastiki muweke kati ya liva na rimu, isikwaruzike.

---

Dereva wa Pasua

Mkuu nimerudi. Leo nimesimama pale kijiweni kama ulivyosema. Kijana alitaka kuweka tairi mshale nyuma, nikamwonyesha, akageuza bila ugomvi. Nati nimekaza mimi. Sasa niulize: cheni baada ya kurudisha inapiga kelele, na breki ya nyuma naikanyaga mpaka chini. Tatizo nini? Na nikitoka Moshi kwenda Arusha nibadili upepo kwa sababu ya kupanda?

---

Kijenge Juu

Hongera sana ndugu yangu, hapo umewalinda abiria wako wote wa wiki hii.

Cheni: ekseli ilisogezwa wakati wa kutoa. Kila upande wa mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, una alama zilizochorwa. Ajasta (skrubu za kukazia cheni) ya kushoto na ya kulia zisimame kwenye alama ileile, vinginevyo gurudumu limekaa mshazari na cheni inakula sproketi upande mmoja. Ukiinua na kushusha cheni katikati kwa kidole ichezee kama milimita 20 hadi 30. Pima ukizungusha gurudumu, kwa sababu cheni iliyochakaa ina sehemu inayokaza na sehemu inayolegea. Weka kipimo pale inapokaza zaidi.

Breki: nati ya mwisho wa fimbo ya breki haikurudishwa mahali pake. Ikaze nyuzi chache huku ukizungusha gurudumu kwa mkono, mpaka uanze kusikia shuu zikigusa, kisha legeza kidogo lizunguke huru. Usitoke stendi kabla hujafanya hilo. Tazama pia kama ule mkono unaozuia sahani ya breki umefungwa na pini yake ipo, kwa sababu ukiachwa wazi, siku utakayokanyaga breki kwa nguvu sahani nzima itazunguka na gurudumu na kung'oa fimbo.

Upepo Moshi na Arusha: usihangaike. Arusha iko juu kwa mita mia tano mpaka mia sita hivi zaidi ya Moshi, kipimo kitapanda kama psi 1 tu. Joto la lami kutoka Boma Ng'ombe mpaka Usa River linaongeza zaidi ya hapo. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, popote ulipo, na usipunguze upepo wa tairi lililochemka.

Wanaouliza saizi kwa meseji: Boxer nyingi ni inchi 17, SanLG nyingi ni 18, lakini someni ubavuni mwa tairi mlilonalo kabla ya kwenda dukani, na tyubu iandikwe namba ileile ya rimu. Tyubu ya 18 inaingia kwenye 17 ikiwa imejikunja, muuzaji atakwambia haina shida. Ikatae.